UZI: Wavu wa ngiri ya tumbo ulazwe wapi? Juu ya msuli, nyuma ya msuli au ndani kabisa

#1 — Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Mimi ni daktari wa upasuaji, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni ngiri za ukuta wa tumbo: za kitovu, za juu ya kitovu, na zile zinazosumbua kuliko zote, ngiri za kovu, zinazochomoza pale tumbo lilipowahi kufunguliwa. Karibu kila mgonjwa huniuliza, "Dokta, utaniwekea wavu wa aina gani?" Wavu ni kitambaa chenye matundu matundu kinacholazwa kuimarisha ukuta palipotoboka. Wanaouliza utalazwa wapi ni wa kuhesabu. Kwa yale niliyoyaona mezani, hilo la pili ndilo linaloamua mambo zaidi, na ndiyo maana nimefungua uzi huu. Wenye uzoefu mwingine mnikosoe.

Tuanze na ukuta wenyewe. Ukitoka nje kuingia ndani, karibu na katikati ya tumbo, unakutana na ngozi, mafuta, kisha ala ya mbele ya msuli wa rektasi, ambayo ni gamba jeupe na gumu. Chini yake ndipo ulipo msuli, halafu ala ya nyuma, mafuta kidogo, utando wa peritoneo, ndipo utumbo. Misuli ya rektasi ni miwili, mmoja kulia na mwingine kushoto, imeshuka kutoka mbavuni hadi kwenye kinena. Katikati imeunganishwa na mshipi mweupe uitwao linea alba. Ngiri ninazozizungumzia hapa nyingi hutoboka kwenye mshipi huo.

Kila tabaka linapoachana na jingine pana nafasi, na kila nafasi kuna mtu aliyewahi kulaza wavu humo.

Nafasi rahisi kuifikia ni juu ya ala ya mbele, chini ya mafuta. Wengi tunaiita onlei. Unainua ngozi na mafuta yake kutoka kwenye gamba, unafunga tundu kwa uzi, unalaza wavu juu ya mshono na kuuacha uvuke kingo pande zote. Utumbo huugusi na ala ya nyuma huichokozi. Gharama yake iko kwenye kule kuinua ngozi: mishipa midogo ya damu inayopanda kuilisha unaikata, na unaacha uwazi mpana unaojaa majimaji, yaani seroma. Kidonda kikiota usaha, wavu uko hapo hapo chini yake.

Kuna inlei, ambapo wavu unashonwa ukingo kwa ukingo na tundu kama kiraka cha suruali. Hii siitumii na simshauri mtu. Mzigo wote wa tumbo unaning'inia kwenye mstari mmoja wa nyuzi, na hapo hapo ndipo unapoachia.

Kisha nyuma ya msuli, kati ya rektasi na ala yake ya nyuma. Ni njia iliyojengwa na Jean Rives na René Stoppa huko Ufaransa katika miaka ya 1960 na 1970. Uzuri wake ni kwamba mgonjwa akikohoa, msukumo wa tumbo unaukandamiza wavu kwenye msuli ulio mbele yake, wakati wavu wa juu unasukumwa kuelekea nje. Tena unalala kwenye msuli wenye damu ya kutosha, mbali na ngozi na mbali na utumbo.

Mwisho ni ndani kabisa, upande wa utumbo wa peritoneo. Njia hii inajulikana kwa kifupi cha IPOM, na ilishika kasi baada ya Karl LeBlanc wa Marekani kuichapisha mwaka 1993 akitumia kamera na matundu madogo. Hapa wavu mtupu wa polipropilini, yaani plastiki isiyo na kinga, haufai, kwa sababu utumbo utaganda nao. Lazima upande mmoja uwe na utando wa kinga.

Kuhusu kama wavu unahitajika kabisa, mjadala huo ulimalizwa na Waholanzi. Mwaka 2000 walichapisha jaribio la wagonjwa 200 wa ngiri za kovu zisizozidi sentimita 6. Baada ya miaka 3, waliofungwa kwa uzi pekee ngiri ilirudi kwa asilimia 43, na waliowekewa wavu asilimia 24. Walipofuatiliwa hadi miaka 10 zikawa 63 kwa 32. Soma namba hizo mara mbili. Wavu ulishinda, sawa, lakini bado karibu mtu mmoja kati ya watatu ngiri ilimrudia. Ukisoma jinsi walivyoulaza, wavu ulivuka kingo za tundu kwa sentimita chache tu. Leo wengi tunataka angalau 5 kila upande kwenye ngiri kama hizo.

Sasa twende mezani, kwa sababu nyuma ya msuli ni rahisi kuandika kuliko kufanya. Unashika ukingo wa linea alba kwa koleo, unamwomba msaidizi auinue kuelekea darini. Kwa kidole unaugusa ukingo wa ndani wa msuli. Unakata ala ya nyuma nusu sentimita au sentimita moja tu pembeni ya ukingo huo, polepole, mpaka uone nyekundu. Ukiona nyuzi nyekundu za msuli zinajifunua, umefika. Ukiona mafuta ya njano, simama, kwa maana umeingia mahali pengine. Baada ya hapo nafasi inafunguka yenyewe kwa kidole na pamba, kama unavyoachanisha kurasa mbili zilizolowana. Unaenda pembeni hadi uone vifungu vidogo vya mishipa na neva vinavyotoboa ala kuingia msulini, na hapo unakoma. Neva hizo ndizo zinazoupa msuli uhai. Ukizikata utakuwa umeziba tundu na kuua ukuta.

Karibuni.

#2 — Mchangiaji, nesi wa thieta

Asante daktari kwa uzi huu. Mimi nasimama upande wa vifaa, na naomba niseme jambo linalotusumbua sisi: majina.

Daktari anaingia anasema, "Leo ni sablei." Kwa mmoja sablei ni nyuma ya msuli. Kwa mwingine ni kati ya peritoneo na ala ya nyuma. Nimewahi kumhudumia aliyemaanisha ndani ya tumbo kabisa. Siku hiyo nilikuwa nimeshafungua wavu mtupu wa polipropilini. Nilimwona anakaribia kuulaza nikaona utumbo uko wazi chini yake, hakuna ala iliyofungwa wala peritoneo. Nikasema, "Daktari, huu hauna kinga." Akasimama, akautazama, akaurudisha. Tulifungua mwingine. Sikulala vizuri usiku ule.

Na hata huo wenye kinga una nyuso mbili. Uso laini, unaoteleza, unatazama utumbo. Uso wenye vinyweleo unatazama ukuta. Ukiwa umekunjwa kupitishwa kwenye tundu la kamera ni rahisi sana kugeuka. Mimi huweka alama ya wino upande wa ukuta kabla haujakunjwa, na ninaitaja kwa sauti.

#3 — Mleta uzi

Dada, umeokoa maisha siku ile, na nashukuru umeisema hapa.

Suala la majina si la thieta yako peke yake. Mwaka 2020 kundi la wataalamu kutoka nchi mbalimbali lilichapisha makubaliano ya majina ya tabaka za ukuta wa tumbo, kifupi chake ICAP, kwa sababu makala za utafiti zilikuwa zikilinganisha "sablei" na "sablei" huku kila mmoja akimaanisha kitu chake. Katika orodha hiyo nafasi nyingi zinatajwa kwa kile kilicho mbele au nyuma yake: mbele ya rektasi, nyuma ya rektasi, mbele ya peritoneo, ndani ya peritoneo. Mimi nimeacha kabisa kusema sablei mbele ya timu. Nasema "nyuma ya rektasi, ala ya nyuma itafungwa", na kila mtu anajua afungue nini.

#4 — Mchangiaji, mgonjwa

Shikamoo daktari. Mimi nilifanyiwa ngiri ya kovu, nikaambiwa wavu umewekwa juu ya msuli. Baada ya wiki tatu pakavimba, nikanyonywa majimaji mara mbili kwa sindano. Nimesoma hapa nikaingiwa na hofu. Je, nilifanyiwa vibaya?

#5 — Mleta uzi

Marahaba, na pole kwa usumbufu huo. La, kwa unayoeleza sioni dalili ya kufanyiwa vibaya. Majimaji ni gharama inayojulikana ya njia hiyo, na mengi hukauka yenyewe bila hata sindano. Cha kukupeleka hospitali haraka ni homa, wekundu unaopanda, usaha, maumivu yanayoongezeka, au uvimbe uliogoma kurudi ndani huku unatapika.

Na kwa haki ya njia hiyo, nisiifanye ionekane dhaifu kuliko ilivyo. Kuna jaribio linaitwa PRIMA, lilichapishwa 2017. Lilichukua wagonjwa 480 wa Uholanzi, Ujerumani na Austria, wote wakiwa na hatari kubwa ya kupata ngiri baada ya kufunguliwa tumbo, ama kwa unene ama kwa uvimbe wa mshipa mkuu wa damu. Hawa walikuwa hawana ngiri bado, wavu uliwekwa kuizuia. Baada ya miaka 2, waliofungwa kwa uzi peke yake walipata ngiri asilimia 30, waliowekewa wavu nyuma ya msuli asilimia 18, na waliowekewa juu ya msuli asilimia 13. Wa juu ndio walioshika nafasi ya kwanza! Ila pia walipata majimaji asilimia 18, dhidi ya 7 kwa wale wa nyuma ya msuli.

Kwa hiyo kwenye kuzuia, juu ya msuli ni njia ya heshima. Kwenye kurekebisha ngiri iliyokwisha kutoka, tafiti zilizojumlishwa pamoja zinaelemea nyuma ya msuli, kwa ngiri kurudi na kwa maambukizi pia. Na wewe uliyeponea majimaji ukavuka, wavu wako sasa umeshikwa na nyama na uko kazini.

#6 — Mchangiaji, daktari wa upasuaji wa kamera

Mkuu, nakubaliana na mengi ila umeipita IPOM mbio mno. Mgonjwa mnene, mwenye kisukari, tumbo limeshakatwa mara mbili: ukimfungua kwa chale ndefu unamtafutia kidonda kitakachooza. Kwa kamera chale zake ni tatu au nne, kila moja ya upana wa kalamu au zaidi kidogo. Maambukizi ya kidonda yanashuka sana ukilinganisha na upasuaji wa wazi, na hilo tafiti zimelirudia mara nyingi. Wanaosema ngiri hubaki na kiputo baadaye wanasema kweli kwa IPOM ya zamani, ambapo tundu liliachwa wazi na wavu ukapita juu yake kama daraja. Siku hizi tunalifunga tundu kwanza kwa uzi, ndipo tunalaza wavu.

#7 — Mleta uzi

Karibu sana, na hoja ya kidonda naipokea bila kubisha. Mgonjwa kama huyo nikimpata kabla hajawa wa dharura, namsimamisha sigara angalau wiki nne, sukari tunaishusha, uzito tunaujadili, na bado inawezekana kamera ikawa heri kwake.

Wasiwasi wangu ni miaka inayofuata. Tumbo hilo litafunguliwa tena siku moja, kwa kidoletumbo, kwa uzazi, kwa jambo lolote. Nimeingia matumbo yenye wavu wa ndani. Unakata ngozi, unakata kovu, halafu kisu kinakutana na kitu kigumu kama kadibodi iliyolowa, na nyuma yake utumbo umebandikwa. Saa mbili nzima nimekaa nabandua sentimita moja moja kwa mkasi, nikijua kila mkato unaweza kutoboa. Kinga ya wavu hupunguza kubandikana, haikuondoi. Pini za kuushikilia nazo huuma, hasa zikikaribia neva. Na mwaka 2016 wavu mmoja wa ndani wa polipropilini nyepesi uliondolewa sokoni baada ya sajili za wagonjwa za Ujerumani na Denmark kuonyesha ngiri zikirudi zaidi ya kawaida. Kwa maneno mengine, ndani ya tumbo aina ya wavu inakubana zaidi kuliko nyuma ya msuli, ambako polipropilini ya kawaida inatosha.

Njia ninayoitazama kwa matumaini ni ile inayounganisha hoja yako na yangu: kuingia kwa kamera moja kwa moja nyuma ya rektasi bila kupita tumboni, yaani eTEP. Matundu madogo, wavu mtupu, utumbo haukuguswa. Ugumu wake ni mkono. Inachukua muda kuijua, na anayejifunza peke yake atamuumiza mtu.

#8 — Mchangiaji, daktari kijana

Mkuu, swali. Nikitenganisha nyuma ya rektasi halafu ala ya nyuma na peritoneo vikachanika, na kuvuta havifikiani, nifanye nini? Bosi wangu alisema "wavu utaziba tu".

#9 — Mleta uzi

Mdogo wangu, hapo naomba unisikilize kwa makini, maana somo hili nililipata kwa mgonjwa wangu mwenyewe.

Alikuwa mama mwenye ngiri ya kovu ya upana wa kiganja. Nilitenganisha vizuri, nikafunga ala ya nyuma kwa kuivuta kidogo kuliko ilivyopenda. Chini ya kitovu, mahali ala ya nyuma inapokwisha kwenye ule mstari wa upinde, ukabaki utando wa peritoneo peke yake, mwembamba kama ganda la kitunguu. Niliona tundu dogo la kupenya ncha ya kidole. Nikaweka mshono mmoja, nikaridhika. Wavu juu yake, tukafunga.

Siku ya tatu akaanza kutapika. Tumbo likajaa, lakini kwa nje kidonda kilikuwa safi na hapakuwa na uvimbe wowote. Ndiyo hatari yenyewe: ngiri hii haionekani kwa nje. CT-skani ilionyesha kipande cha utumbo mdogo kimepenya lile tundu, kimekaa katikati ya ala ya nyuma na wavu, kimebanwa. Tulirudi thieta usiku ule. Utumbo ulikuwa umegeuka rangi lakini hai, ukarudi rangi yake tulipoulegeza. Ningesubiri hadi asubuhi, ningeukata.

Kwa hiyo tabaka la nyuma ni lazima lifungwe lote, kila tundu, tena bila kuvutwa kwa nguvu. Tundu dogo ni baya kuliko kubwa, kwa sababu linabana. Kikikosekana cha kufungia, tumia mafuta yanayofunika utumbo au kipande cha mfuko wa ngiri wenyewe. Mfuko huo usiutupe mapema, ni akiba yako. Vikishindikana vyote, ndipo kulegeza misuli ya pembeni kunapoingia. Daktari Ramirez alieleza namna ya kuilegeza kwa mbele mwaka 1990, daktari Novitsky akaeleza ya nyuma, iitwayo kwa kifupi TAR, mwaka 2012. Hii ya nyuma inaongeza nafasi kubwa kwa wavu na inalegeza ala vizuri sana, lakini si kazi ya kujaribia. Anayekosea akakata mstari wa pembeni ambako misuli ya ubavuni inaungana na rektasi, anatengeneza ngiri mpya ubavuni ambayo ni ngumu kuliko ile aliyokuja kuitibu.

Na bosi wako mheshimu, ila wavu mtupu ukigusana na utumbo hauzibi. Unaganda.

#10 — Mchangiaji

Mimi nina ngiri ya kitovu, ndogo, kama kokwa ya embe. Je, na mimi ni lazima wavu? Nasoma watu wakisema wavu umewaharibia maisha.

#11 — Mleta uzi

Muhimu kwetu ni upana wa tundu, si ukubwa wa kinachochomoza. Chini ya sentimita 1, wengi tunakubali uzi peke yake unaweza kutosha. Kati ya 1 na 4, jaribio moja lililochapishwa 2018 lilionyesha baada ya miaka 2 ngiri zilizorudi ni asilimia 4 kwa wavu na 12 kwa uzi. Wavu wa hapo ni mdogo, bapa, unalazwa mbele ya peritoneo kupitia chale ile ile ya kitovu, ukivuka kingo kwa sentimita 3.

Kuhusu madhara sitakuficha. Denmark walifuatilia wagonjwa wa ngiri za kovu kwa miaka 5: waliorudi thieta kwa sababu ya ngiri iliyojirudia ni asilimia 17 kwa waliofungwa bila wavu, 12 kwa wavu wa upasuaji wa wazi, na karibu 11 kwa wavu wa kamera. Lakini madhara yatokanayo na wavu wenyewe, kama maambukizi, fistula (utumbo kutoboka na kuvuja hadi nje) na kuziba utumbo, yalifikia asilimia 5.6 kwa wavu wa wazi na 3.7 kwa kamera. Sehemu ya faida inaliwa na madhara. Wanaolalamika hawasemi uongo. Ndiyo maana nang'ang'ania mahali pa kuulaza, kwa sababu fistula na kubandikana kwa utumbo ni vya wavu unaogusana na utumbo, na usaha wa kidonda huufikia kwanza wavu ulio chini ya ngozi.

#12 — Mchangiaji, nesi wa thieta

Naongeza kitu kimoja kwa wagonjwa humu. Kila pakiti ya wavu huja na stika zenye jina, ukubwa na namba ya toleo. Tunabandika moja kwenye faili. Ombeni nakala, na ombeni daktari aandike pembeni umelazwa tabaka gani.

#13 — Mchangiaji, mgonjwa

Nimepiga simu leo asubuhi. Wameipata. Polipropilini, sentimita 15 kwa 15, na kwa mwandiko wa daktari: "mbele ya ala ya rektasi, tundu limefungwa." Nimeipiga picha nikamtumia binti yangu aihifadhi.

#14 — Mleta uzi

Vizuri sana, mama. Atakayelifungua tumbo hilo siku nyingine, akisoma mstari huo, atajua wavu uko juu ya ala na utumbo wako haukuguswa nao. Atapanga chale yake akijua hivyo.